Lewd: si tusi, si uchi, na wala si uasherati

Kwa karne kadhaa Mwingereza yeyote ambaye si padri aliweza kuitwa lewd, neno ambalo leo lina maana ya ukware usio na haya, na hakuna aliyekunja uso. Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa lǣwede, na maana yake ni yuleyule ambaye kanisani tunamwita mlei: muumini wa kawaida, asiye padri wala mtawa. Wakati huo kusoma na kuandika kulikuwa zaidi ni kazi ya watu wa kanisa, hivyo mlei akahesabiwa kuwa mtu asiyesoma. Kwa mshairi Mwingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, lewd bado ni huyo asiyesoma. Baadaye asiyesoma akaonekana mtu duni, mtu duni akaonekana mwovu, na mwishowe uovu wenyewe ukabanwa kwenye kona moja tu, ya tamaa za mwili. Mswahili hana haja ya kushangaa. Mshenzi nalo lilianza kama jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara. Leo mwite mtu hivyo uone.

Historia hii ina faida kwa anayesoma au kutafsiri, kwa sababu maandishi ya zamani bado yanasomwa. Fungua Biblia ya King James ya mwaka 1611, Matendo ya Mitume 17:5. Kule Thesalonike, waliokusanywa kufanya fujo wanaitwa "lewd fellows of the baser sort". Anayejua maana ya leo peke yake atadhani Paulo alifuatwa na kundi la wakware. Kigiriki chenyewe kinasema watu waovu wa sokoni, yaani wale wanaoshinda uwanjani bila kazi ya kueleweka. Kwa Kiswahili cha leo hao ni wahuni wa kijiweni, basi. Sura inayofuata, mstari wa 14, liwali Galio anasema kwamba kama shauri lingekuwa la "wicked lewdness" angelisikiliza, naye hapo anazungumzia uhalifu wa kawaida. Lakini rudi Ezekieli 16 na 23 katika Biblia hiyohiyo: lewdness ya huko ni ufuska wa kingono kabisa, na muktadha hauachi shaka. Kwa hiyo ukikutana na neno hili katika andiko la karne ya 17 au la kabla yake, usianze na ngono. Tazama kwanza watu wanaotajwa wanafanya nini.

Sasa maana ya leo. Lewd hubeba vitu vitatu kwa mpigo. Cha kwanza ni tamaa ya ngono. Cha pili ni kuionyesha tamaa hiyo bila haya, mahali ambapo si pake au kwa mtu asiyeitaka. Cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni hukumu ya anayesema: hakuna anayetamka lewd kwa sauti ya kusifu, labda awe anatania. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, tafuta neno jingine.

Chukua uchi. Mtoto anayeoga mvua uwanjani yuko uchi, na hakuna cha lewd hapo kwa sababu hakuna tamaa. Chukua matusi ya nguoni, yale ya kumtajia mtu sehemu za siri za mama yake. Kwa Kiingereza hayo ni obscene, kwani anayetukana ana hasira, hana matamanio. Kidole cha kati kadhalika. Ni ishara ya tusi, obscene gesture. Lakini kijana anayemkatikia kiuno msichana anayepita zake njiani amefanya lewd gesture hata kama hakutamka neno. Tofauti hii ndogo huwashinda hata wanaoandika Kiingereza kila siku. Ukitaka kuipima, jiulize kama aliyefanya alitaka kudhalilisha kwa tusi au alikuwa akionyesha matamanio.

Mavazi nayo yana maneno yake. Sketi fupi huitwa revealing, na mwenye msimamo mkali ataiita immodest au indecent. Kuiita nguo yenyewe lewd si kawaida, kwa kuwa neno hili hupenda kukaa karibu na tendo, kauli, mtazamo na nia.

Kisha kuna bawdy, ndugu yake mwenye kicheko. Hili ndilo la kulishika vizuri ukiandika kuhusu mambo yetu. Nyimbo za unyago zina mafumbo mazito ya chumbani, na kungwi anapomfunda mwali kwa mafumbo hayo hakuna anayeona aibu, maana mahali ni pake, wakati ni wake na wasikilizaji ni wanawake waliokubaliwa kuwepo. Mwandishi anayeziita "lewd songs" amekwishamhukumu bibi wa watu kabla hajamaliza sentensi. Bawdy lingetosha, au hata maelezo tu kwamba nyimbo zinafundisha mambo ya unyumba kwa mafumbo. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa kuliko kukosea sarufi, kwa sababu msomaji wa nje hana njia ya kuligundua.

Tukija kwenye kutafsiri kuja Kiswahili, kamusi huweza kukupa uasherati. Mara nyingi hilo linakupoteza. Uasherati ni ngono nje ya ndoa, na watu wawili wanaweza kuufanya kwa hiari yao na kwa siri. Lewd haihitaji ngono kutokea na mara nyingi haina hiari ya upande wa pili. Badala ya kutafuta neno moja la kubandika kila mahali, iangalie nomino inayofuata. Lewd remark ni kauli chafu au maneno ya ukware. Lewd joke ni mzaha mchafu, au utani wa chumbani kama sauti ya andiko ni nyepesi. Lewd look ni kumkodolea mtu macho ya matamanio, na hapo ni afadhali utumie kitenzi kizima kuliko kulazimisha "mtazamo wa" kitu fulani. Lewd man ni mkware. Lewd conduct ni mwenendo wa aibu. Lewdness likisimama peke yake, ufuska linafaa kwenye mahubiri na ukosefu wa haya linafaa kwenye gazeti.

Matamshi. Ni luud, silabi moja, irabu ndefu kama ya food. Ugumu unawapata zaidi wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r, kama Kikuyu, Kinyarwanda na Kirundi. Kwao lewd na rude huweza kutoka mdomoni zikiwa neno moja. Hebu fikiria malalamiko ofisini. Bosi aliyetoa "rude comment" amejibu kwa ufidhuli, na anaweza kuomba radhi mambo yakaisha. Bosi aliyetoa "lewd comment" ameingia kwenye unyanyasaji wa kijinsia, na kazi inaweza kuota mbawa. Msikilizaji akisikia moja badala ya nyingine, ama mkosaji anapona, ama mtu asiye na hatia anaungua. Kama huna hakika na ulimi wako, usilitumie kwa mdomo. Sema "a sexual remark", kila mtu ataelewa, na kwenye karatasi andika lewd ukipenda.

Mitandaoni vijana wameligeuza. Utaona lewds kwa wingi, likiwa nomino, na maana yake ni picha za kuchokoza ambazo mwenye picha bado ana nguo kidogo. Nudes ni zile za utupu mtupu. Limekuwa pia kitenzi, to lewd, hasa kwa wapenzi wa katuni za Kijapani, yaani kuchora mhusika kwa namna ya kuamsha hisia. Hukumu niliyoitaja juu imepungua makali huko. Usiipeleke maana hiyo kwenye barua rasmi.

Mahali ambapo neno hili linaweza kumfunga mtu ni mahakama za Marekani, na Waswahili wa huko, wakiwemo wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi, wanahitaji wakalimani wanaolijua. Kule lewd ni neno la sheria. Kifungu cha 288 cha sheria ya jinai ya California kinahusu "lewd or lascivious acts" kwa mtoto wa chini ya miaka 14. Kinachogeuza mguso kuwa kosa hapo ni nia ya kuamsha au kuridhisha tamaa ya ngono. Hata mguso juu ya nguo unatosha. Mkalimani akisema "ubakaji" ameongeza kosa ambalo mtu hakushtakiwa nalo. Akisema "uasherati" amemfanya mtoto mshiriki. "Kitendo cha ukware kwa mtoto chenye nia ya kingono" ni kirefu lakini ni salama. Na usihangaike kutafuta tofauti kati ya lewd na lascivious. Kiingereza cha sheria kina desturi ya kupanga maneno pacha, na hapa yote mawili yanasukuma upande mmoja.

Kwa watu wazima hadharani, California hutumia kifungu cha 647(a), na ndani yake lewd iliwahi kuwa pana kupita kiasi, ikifafanuliwa kwa maneno ya jumla kama ulegevu wa maadili. Mwaka 1979, katika shauri la Pryor, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliibana. Sasa lazima kuwe na kugusa sehemu za siri, makalio au titi la mwanamke, kwa lengo la tamaa au la kuudhi, na mtendaji awe anajua, au apaswe kujua, kwamba kuna mtu karibu anayeweza kuchukizwa. Kwa hiyo anayeuliza "lewd conduct" ni nini huko hajibiwi kwa kamusi, anajibiwa kwa orodha hiyo.

Florida ina mtego wake. Kifungu cha 800.04 kina makosa manne yanayoanza na "lewd or lascivious", yakiishia battery, molestation, conduct na exhibition. Battery kwa kawaida ni kumpiga au kumgusa mtu bila ridhaa, na mkalimani mwenye haraka atasema "kipigo". Kumbe pale ni kushiriki tendo la ngono na mwenye umri wa miaka 12 hadi 15. Exhibition nayo si onyesho la watu kukata tiketi. Inajumuisha kujianika sehemu za siri mbele ya mtoto. Kabla ya kikao omba hati ya mashtaka, soma maelezo ya tendo lenyewe, kisha tafsiri tendo hilo. Majina ya makosa yaache yafuate.

Afrika Mashariki sheria haziegemei sana neno hili. Zinatumia zaidi indecent. Tanzania husema shambulio la aibu, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 ina "indecent act" katika kifungu cha 11, ambayo kwa Kiswahili husemwa kitendo cha aibu au kitendo kichafu. Usichanganye istilahi za nchi hizi na zile za Marekani kwa kuwa tu zote zinahusu mambo ya aibu.

Kugeuza Kiswahili kuwa Kiingereza kuna hatari nyingine, maana sisi tunafunika. "Alinifanyia uchafu" linaweza kuwa kushikwa, kuonyeshwa, au kuingiliwa kabisa. Katika hukumu nyingi za Kenya, mtoto anayetoa ushahidi anasema "alinifanyia tabia mbaya", na kila mtu mahakamani anajua kwamba anazungumzia ngono. Ukiandika "bad manners" umeufanya ushahidi uwe kichekesho. Ukiandika "a lewd act" umechagua kiwango cha kosa kwa niaba ya mtoto, tena umemshushia jambo ambalo huenda lilikuwa zito zaidi. Andika "tabia mbaya" kama lilivyo, eleza kwamba ni tafsida ya tendo la ngono ambalo halijatajwa, na muache wakili aulize swali la pili: alikugusa wapi, na kwa kitu gani?