Piga picha kwanza: kwa wadogo zangu mnaoanza na samaki wa miamba ya kina

Jamani, wiki hii nimefungua eksel ya watu wa field nikakuta Cirrhilabrus, wale samaki wadogo wa rangi kali wa miambani, wameandikwa sp. 1, sp. 2, sp. 3 (yaani spishi ambazo hamkuzijua majina), inaenda hivyo mpaka sp. 7, wote mteremko mmoja, dive moja. Najua mmeshinda juani, najua mmelala usiku wa manane mnaosha vyupa, na kazi yenu naithamini kweli, lakini hizo spishi saba nikiziangalia ni mbili, labda tatu. Kila kundi jipya linaleta orodha ya namna hii hii, tunaelekezana kwa mdomo pale maabara, mkimaliza mnaondoka na maneno yanaondoka na nyie, wanakuja wengine tunaanza upya. Safari hii naandika, na mtakaosoma muwasomee wenzenu.

1. Jike na dume sio spishi mbili.

Hili nalirudia mpaka koo linakauka. Cirrhilabrus wanaanza maisha wakiwa majike, halafu baadhi wanageuka madume, na wakigeuka wanabadilika kila kitu: rangi, urefu wa mapezi, wengine hata umbo la mkia. Kundi moja lina dume mmoja au wachache na majike wengi, na katikati pale kuna wale waliofika nusu ya safari, hawajawa dume kamili na ujike wameshauacha, ndio hao mnaowaita sp. 4. Ongeza watoto ambao hawafanani na baba wala mama, hapo kwenye deli lako moja la samaki una sura nne za spishi moja. Na dume akiwa anatongoza anawasha rangi sekunde hiyo hiyo, michirizi ya bluu inametameta, akiacha inazima, kwa hiyo hata picha mbili za samaki yule yule zinaweza kukudanganya.

Kabla hujagusa wa kina nenda kwenye miamba yetu ya juu, snorkeli tu inatosha, kaa na Pseudanthias squamipinnis. Majike rangi ya chungwa wengi, madume wachache wana wekundu wa zambarau na mwiba mmoja mrefu umechomoza kwenye pezi la mgongo. Kaa pale mpaka uweze kumwonyesha mwenzako yule anayegeuka ni yupi. Asubuhi moja ya namna hiyo itakusaidia kuliko slaidi zangu zote.

Na msidhani ni wanafunzi tu wanaonaswa. Mwaka 1983 Cirrhilabrus rubrisquamis alielezewa kwa sampuli moja tu, na sampuli yenyewe ni mtoto, kutoka visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi. Baadae Maldives, kama kilomita 1000 kaskazini yake, wakapatikana samaki wa waridi wazuri mno kwenye mita 40 mpaka 70, watu wakasema sawa, hawa ndio wakubwa wa yule mtoto wa Chagos. Ikaaminika hivyo miaka na miaka, mpaka 2022 mtaalamu wa samaki hawa Yi-Kai Tea na wenzake akiwemo Ahmed Najeeb wa Maldives mwenyewe walipokaa chini wakalinganisha watoto kwa watoto na wakubwa kwa wakubwa, wakahesabu magamba, wakasoma DNA, wakakuta ni spishi nyingine kabisa, sasa anaitwa Cirrhilabrus finifenmaa. Kwa hiyo ukiwa na mtoto peke yake andika "mtoto" kwenye safu ya hatua ya ukuaji, acha jina wazi, hakuna atakayekupunguzia maksi.

2. Picha kabla ya kitu chochote.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili ni langu na bado linaniuma.

Nilipokuwa kama nyie, kituo fulani hapa pwani, walikuja wapigambizi wageni wenye ribritha, kile kifaa kinachosafisha pumzi yako uivute tena, wale wanaochanganya heliamu, wakashuka upande wa nje wa mwamba zaidi ya mita 60. Mnajua hesabu yake, chini dakika chache, kupanda ni masaa, unaning'inia kwenye kamba baridi inakutafuna. Jioni wakatupa mfuko wa samaki wadogo, wengi urefu wa kidole, na kazi ya kuwapokea ilikuwa yangu. Mmoja alikuwa dume wa Cirrhilabrus ambaye sikuwahi kumuona kwenye kitabu chochote tulichokuwa nacho. Mgongo mwekundu wa kukolea, ubavuni anafifia mpaka waridi, tumbo jeupe, pezi la mgongo mbele limechongoka kama bendera ndogo lina ukingo wa njano, na juu ya shavu mistari ya zambarau iliyovunjika vunjika. Namkumbuka vizuri hivyo kwa sababu nilimshika mkononi nikamzungusha kwenye taa mara mbili tatu, nikamuonyesha mwenzangu, tukashangaa wote.

Halafu nikamweka chini nikaanza kupima. Nikapima urefu mfuko mzima, nikapima uzito, nikajaza fomu kwa mwandiko mzuri, umeme ukakatika, kamera haikuwa na chaji, nikasema picha kesho asubuhi kwenye mwanga mzuri. Ili wasiharibike usiku nikawatumbukiza wote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia. Wote, bila kukata tishu, kile kipande kidogo cha nyama cha kupimia DNA, hata ya mmoja. Nilidhani nawaokoa.

Asubuhi nilipofungua ndoo walikuwa rangi ya majani makavu. Mapezi yamelala yameganda mwilini, ukijaribu kulifungua pezi la mgongo kwa koleo linapasuka, midomo wazi. Yule dume nilimtambua kwa urefu niliouandika tu. Na mnaelewa maana yake kwa hii jenasi: ukihesabu miiba ya pezi la mgongo karibu wote wanakupa XI,9 (migumu 11, laini 9), magamba ya mstari wa ubavu yanapishana kidogo au hayapishani, kinachowatenganisha wengi ni rangi ya dume mkubwa akiwa fresh. Hiyo ndiyo niliyoiyeyusha. DNA nayo fomalini inaifungafunga, ukiipeleka maabara inatoka vipande visivyo na kazi. Tulimwandikia mtaalamu nje, akajibu kwa upole sana, akauliza picha ya rangi iko? tishu iko? kina gani? Nilikuwa na kina tu. Mzee wa maabara yetu, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, alisoma ile barua akaniambia, "Mwanangu, yule aliyeshuka kumfuata samaki huyu aliweka roho yake rehani." Akaenda zake kuosha vyupa. Chupa ile bado ipo, lebo inasema Cirrhilabrus sp., na dume wa namna ile sijamuona tena.

Sasa utaratibu, na naomba ufuatwe hata kama supavaiza anakuharakisha. Samaki anatoka kwenye mfuko anaingia kwenye maji ya bahari yenye barafu, anasafishwa ute taratibu, analazwa ubavu wa kushoto juu, kichwa kushoto. Unafungua mapezi kwa pini nyembamba juu ya foamu, unachukua brashi ndogo unapaka fomalini kali kwenye mapezi peke yake, unasubiri yakaze, unatoa pini, unaosha, unamweka kwenye tenki dogo la kioo ndani ya maji, unapiga. Flashi pembeni, sio mbele. Weka rula. Piga hata akiwa amechubuka. Ikiwa kamera imekufa piga kwa simu, picha mbaya ya saa kumi na moja jioni ina thamani kuliko picha nzuri ya kesho.

Baada ya picha, tishu, kutoka ubavu wa KULIA ili wa kushoto ubaki mzima, inaingia kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95. Ndipo mwili unaenda fomalini asilimia 10, halafu unaoshwa unahamia ethanoli ya 70 au 75.

3. Lebo kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unaondoka kwenye ethanoli, basi.

4. Kina cha kila samaki, sio kina cha dive. "40-90 m" kwenye safu ya kina hainiambii kitu.

5. Chini kule wekundu haupo.

Mtu anapanda anasema nimeona vijisamaki vya kijivu vingi, havina maana. Dada, kaka, ulikuwa na tochi? Maji yanameza mwanga mwekundu kwanza kabisa, mita za juu juu tu tayari umekwisha, ukifika mita 60 samaki mwekundu anaonekana kijivu au karibu mweusi. Washa tochi ghafla kundi zima linakuwa waridi na chungwa na njano. Ndio maana wengi wa kina ni wekundu, mchana kweupe kule wanakuwa wamejificha. Sensa bila tochi kwa hawa watu mimi siipokei.

6. Usikopi orodha ya juu kupeleka chini.

Kuna mtu alijaza spishi za mita 15 kwenye fomu ya mita 80 kwa sababu "si mwamba ule ule". Sio ule ule. Ukanda huu wa mita 30 mpaka 150 una watu wake. Kule Hawaii, kwenye atoli ya Kure, timu ya Randall Kosaki ilikuta mwamba wa karibu mita 90 ambao samaki wote waliorekodiwa ni wa visiwa vile tu, hawapo pengine duniani. Visiwa hivyo hivyo ndiko alikotoka samaki Tosanoides obama, aliyeelezewa 2016. Na 2018 mtafiti wa samaki Luiz Rocha na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba miamba ya kina ina jamii zake na inaumia kama ya juu, kwa hiyo ile hadithi tuliyofundishwa kwamba kina ni akiba, juu kukifa samaki watapanda kutoka chini, msiiandike tena kwenye utangulizi wa ripoti zenu. Kama kila mteremko una samaki wake, hesabu yetu ya spishi za pwani hii bado ni changa sana, na hilo linanifurahisha kuliko kitu chochote katika kazi hii.

7. Kibofu cha hewa.

Samaki akipandishwa kibofu kinavimba, lazima umtoboe kwa sindano njiani ukitaka afike hai. Richard Pyle, mtafiti na mpigambizi wa Hawaii, aligundua kwamba siku alizosimama njiani kuwatoboa samaki alipanda akiwa na nguvu kuliko siku alizorudi mikono mitupu, ndio chanzo cha vile vituo vya kina, yaani kusimama kidogo ungali chini wakati wa kupanda, vinavyoitwa kwa jina lake. Nyie hamjafika huko na sitaki kusikia mtu anajaribu, cheti cha mita 30 ni cha mita 30.

Na hata wakongwe wanasahau mazingira wakiona rangi. Rocha na Hudson Pinheiro wakiwa kwenye mita 120 kule miamba ya St Paul, mbali kabisa na pwani ya Brazil, walimuona Tosanoides aphrodite kwa mara ya kwanza, waridi na njano, wakamng'ang'ania mpaka papa mkubwa wa matamvua sita akapita juu ya vichwa vyao wasimuone. Mwenzao wa kamera ndiye aliyemuona. Buddy wako aangalie juu wewe ukiangalia shimo la mwamba, na mbadilishane.

8. DNA haitakufanyia kazi yote.

Cirrhilabrus wengi wameachana karibuni kwa hesabu za miaka ya dunia, kuna jozi ambazo COI, ile jeni tunayoitumia kulinganisha spishi, inakupa tofauti ndogo sana wakati madume yake hayafanani hata kidogo, na wanaweza kuchanganya damu. Ukiona mti wa COI umewaweka pamoja rudi kwenye picha. Ukiona picha zinafanana rudi kwenye magamba. Zote tatu au hujamaliza.

9. Wa kwetu.

2019 alielezewa Cirrhilabrus wakanda kutoka maji ya Zanzibar, mita 50 mpaka 80, kapewa jina la ile nchi ya kubuni ya Afrika. Dume wake ana magamba yenye zambarau iliyokolea imefungana mwilini kama mnyororo, na zambarau hiyo haiondoki hata ndani ya ethanoli, jambo la nadra mno, wengi wanafifia. Angalieni picha zake vizuri, kariri, kwa sababu ni mojawapo ya wachache mtakaowatambua ndani ya chupa.

Waliomwelezea wametoka Sydney na California. Nawashukuru kwa dhati, walishuka, walifanya kazi safi. Lakini Najeeb kule Maldives aliweka jina lake kwenye samaki wa kwao na mimi nataka jina la mmoja wenu liwe kwenye karatasi ya namna hiyo, na kwa orodha hizi bado.

Yule finifenmaa alikuwa anauzwa kwa watu wa akwariamu kabla hata hajawa na jina la kisayansi. Kenya wanasafirisha samaki wa mapambo hai, na vijana wanaowakamata wanawajua hawa wadogo kuliko sisi, wanajua yupi ataanza kugeuka akitengwa na dume, wanajua mwamba gani una wenye mkia wa namna gani. Mkipata nafasi ya kwenda kwao omba ruhusa kwa adabu, beba kamera na ile foamu ya pini, mfike alfajiri kabla hawajaanza kufunga mifuko ya oksijeni, wakishafunga hawafungui kwa ajili ya mtu.