Msumeno wa meza unacheza juu ya kabati la magurudumu

Mkuu, umeuliza kwa nini msumeno unacheza hata ukifunga breki. Breki zako hazina kosa. Tatizo ni kwamba umeweka magurudumu manne yote yanayogeuka: breki inazuia gurudumu kubiringika, lakini shingo (sehemu ya juu inayoligeuza gurudumu kushoto na kulia) bado inageuka, ndiyo maana msumeno unacheza ukisukuma ubao. Nyuma weka mawili yasiyogeuka, mbele mawili yenye breki inayobana gurudumu na shingo pamoja. Magurudumu ya kipenyo cha inchi 3 yanatosha. Madogo zaidi hukwama kwenye vipande vya mbao. Wakati wa kuyanunua, ili kujua kila gurudumu libebe uzito gani, uzito wote gawanya kwa 3, si 4, maana sakafu zetu haziko sawa na mara nyingi gurudumu moja linaning'inia.

Kitako gundisha plaiwudi mbili za mm 18, pitisha bolti za mm 8 za magurudumu hadi upande wa pili, kisha kaza kwa washa (kipete bapa cha chuma) na nati. Skrubu zitang'oka tu. Chipubodi (ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa) achana nayo, unyevu wa Dar utaivimbisha. Mgongo usiuache wazi: plaiwudi ya mm 9, gundi na skrubu kila sm 15, huo ndio unaozuia kabati kulala upande. Gundi ikiwa mbichi pima kona kwa kona kimshazari, vipimo viwili vilingane. Chini ya msumeno toboa tundu kubwa la vumbi. Ukiliziba, unga unajaa kwenye mota na inachemka.