Noah inachemsha ikipanda Newala: kipi kinunuliwe kwanza?

SWALI: Tunaishi Masasi, watu tisa nyumba moja: mimi na mke wangu, mama mzazi na watoto sita. Gari letu ni Toyota Noah ya mwaka 1999, injini ya 3S, gia otomatiki. Mjini haina neno. Tukienda kwa shemeji Newala, wote ndani na magunia mawili nyuma, ikianza kupanda mlima mshale wa joto nao unapanda. Tunasimama, tunajazia maji ya kisima, tunaendelea. Fundi wa kwanza ametoa themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka injini ikipata moto, anasema huku kwetu kwenye joto haina kazi. Wa pili anataka tununue rejeta. Wa tatu anasema gasketi ya silinda hedi imekwenda. Pesa ya kufanya yote hatuna, na msimu wa korosho bado. Tuanzie wapi? – Baba wa sita, Masasi

JIBU: Kabla hujatoa hata shilingi, angalia gari linachemsha wakati gani. Linalochemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa likishika barabara, mara nyingi lina shida ya feni. La kwako ni kinyume, linachemsha mlimani na mzigo. Maana yake maji hayazunguki vya kutosha, au rejeta haiwezi kutoa joto lote ambalo injini inazalisha ikikazwa. Feni iwe ya mwisho kushukiwa, na gasketi usiifungulie injini kwa kuambiwa tu.

Anza na kipimo kisicho na gharama. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, hakikisha maji yamejaa, washa gari bila kurudisha mfuniko na utazame ndani. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Yakitoka mfululizo na kuongezeka unapokanyaga mafuta, basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na fundi wa tatu ana hoja. Chomoa na kijiti cha kupimia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiliendeshe tena mpaka lifunguliwe. Usipoona dalili hizo, gasketi iache, usogee kwenye vitu vya bei ndogo.

Mfuniko wenyewe hupuuzwa sana. Kazi yake si kufunika tu, unashikilia presha, na kwa presha ya 0.9 iliyoandikwa juu ya mifuniko mingi ya Toyota, maji huchemka yakikaribia nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kutoka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Nunua wenye namba ileile iliyo kwenye wa zamani. Wa namba kubwa zaidi utapasua mipira ya maji iliyochoka.

Themostati irudishwe. Tunajua mafundi wengi huitoa, na hoja yao ya joto inasikika vizuri, lakini tunaikataa. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, jambo ambalo mlimani ndilo hulitaki. Asubuhi nako injini inachelewa kupata moto na inakula petroli zaidi. Hata mpya ipime kabla ya kufunga: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka jikoni. Namba iliyopigwa juu yake, mara nyingi 82, ni nyuzi inapoanza kufunguka. Maji yakitokota iwe wazi kiasi cha milimita 8. Ikibaki imefunga, irudishe dukani. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite.

Sasa maji ya kisima. Hapa ndipo tunaposhuku zaidi. Maji yenye chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya vijia vya rejeta na kula alumini ya injini. Unapojazia kila safari, unaongeza ukoko. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko ya kisima, ingawa kulanti, yaani dawa maalumu ya kupozea injini, inabaki kuwa suluhisho lenyewe: nusu kulanti, nusu maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa, usije ukamimina asidi.

Kusafisha ni hivi. Injini ikiwa baridi, mwaga maji yote kwenye ndoo ya lita 10 yenye alama na uandike yametoka mangapi. Jaza maji safi, weka hita kwenye joto, washa mpaka mpira wa chini upate moto, zima, subiri lipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha fungua rejeta, ijaze nje ya gari na uachie tundu la chini: maji yatoke kwa kishindo. Yakitiririka taratibu, vijia vimeziba, na hapo ndipo fundi wa pili anakuwa sahihi. Toa pia nyasi na vumbi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa ndani. Presha kubwa hulaza mapezi membamba ya rejeta.

Kurudisha maji kwenye Noah hii kunahitaji subira, kwa sababu injini iko chini ya viti vya mbele na mabomba ya kwenda kwenye rejeta ni marefu. Egesha pua ikiwa juu, hita kwenye joto, mimina polepole huku ukibinyabinya mipira, acha iwake mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Ulimwaga lita nane na zimerudi sita? Kuna hewa ndani, na itachemsha tu.

Kuhusu mzigo, Noah ni ya watu wanane pamoja na dereva. Ninyi ni tisa, na gunia la korosho ni kilo 80 hivi. Magunia yaende kwa lori au basi, na mtu mmoja mkubwa apande basi pia. Mlimani zima kiyoyozi, weka gia ya 2 badala ya kuiacha D, na mshale ukianza kupanda washa hita, watoto wavumilie. Ukiona mvuke, zima, ngoja angalau nusu saa, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto kwani hedi inapinda.

Kwa mpangilio wa pesa: sasa mfuniko, themostati na kulanti. Malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia kuanzia Oktoba, tenga fungu la mkanda wa taimingi na wota pampu kwa pamoja, maana pampu ya 3S inazungushwa na mkanda huohuo na ufundi unalipwa mara moja.

SWALI: Noah yetu otomatiki haiwaki asubuhi. Watoto wote wanasukuma lakini wapi! – Mama, Nachingwea

JIBU: Waacheni watoto wapumzike. Pampu ya gia otomatiki inafanya kazi injini ikishawaka tu, hivyo kusukuma hakuwezi kuizungusha injini. Safisha vichwa vya betri kwa maji ya uvuguvugu na magadi, vikaze. Pima kwa mita gari likiwa limelala usiku mzima: volti 12.6 ni betri iliyojaa, chini ya 12.2 imeshuka nusu au zaidi. Likiwaka, pima tena. Isiposoma kati ya 13.8 na 14.5, tatizo ni alteneta inayochaji betri au mkanda wake, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

SWALI: Tairi mtumba zinauzwa nusu bei. Tununue? – Msomaji, Lindi

JIBU: Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyopita miaka sita, au yenye nyufa ndogondogo ubavuni, iache hata kama kashata zake za kushika barabara ni nzima.