Yesu alijua tangu lini kwamba yeye ndiye Masihi?

SWALI: Naongoza ushirika wa nyumbani hapa Kayole. Jumatano iliyopita kijana mmoja alisema Yesu alijijua kuwa Mwana wa Mungu siku ya ubatizo, sauti ilipotoka mbinguni. Mama mmoja akasema alijua kila kitu tangu akiwa horini. Tuliachana bila kuelewana. Niwaambie nini?
Mwalimu wa ushirika, Kayole

JIBU: Ndugu mwalimu, kijana mfungulie Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12. Ubatizo uko mbali, maana alianza kazi akipata miaka 30 (Luka 3:23). Someni aya ya 48 na 49 kwa sauti, watu wawili wakipokezana. Mariamu anasema, "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta", akimaanisha Yusufu. Mtoto anajibu kwamba imempasa kuwamo "katika nyumba ya Baba yangu". Neno baba ni lile lile, ila yeye amelielekeza kwa Mungu. Basi sauti ya Yordani haikumpasha habari mpya. Ilimthibitisha na kumtuma kazini.

Hapo mpige mstari neno "imenipasa". Luka analirudia: 4:43, imempasa kuhubiri ufalme, 9:22, imempasa kuteswa, kuuawa na kufufuka. Yaani kumjua Baba na kuijua kazi aliyopewa havikutengana ndani yake. Ukitaka kuwaonyesha kwa karibu, wekeni Luka 4:18-19 kando ya Isaya 61:1-2. Kule Nazareti anasoma hadi "mwaka wa Bwana uliokubaliwa", kisha anakifunga chuo, yaani kitabu alichokuwa akikisoma. Katika Isaya, maneno yanayofuata papo hapo ni "siku ya kisasi cha Mungu wetu". Hakuyasoma. Anayeitambua kazi yake hivyo hajikisii kuwa yeye ni nani.

Yule mama naye asiachwe hivi hivi. Kwa heshima mwombe asome Luka 2:52: Yesu "akazidi kuendelea katika hekima na kimo". Aliyezidi kuendelea katika hekima alikuwa na akili ya kibinadamu inayokua, na mtoto wa horini alikuwa mtoto kweli, wa kunyonya na kufundishwa kusema. Apolinari, askofu wa Laodikia, alifundisha kwamba Neno la Mungu lilishika nafasi ya akili ya kibinadamu ndani ya Yesu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa fundisho hilo, na ule wa Kalkedonia, 451, ukakiri Kristo mmoja, Mungu kweli na mwanadamu kweli. Tangu kuchukuliwa mimba alikuwa Mwana. Ufahamu wake wa kibinadamu ndio uliokua. Injili hazitaji siku ambayo mtoto yule alifahamu, nawe usiwatajie.

Jambo moja huharibu somo hili: mtu kurusha Marko 13:32, Mwana haijui siku ile ya mwisho, na mwenzake kumjibu kwa Yohana 8:58, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko". Mkianza hapo, saa nzima itaishia kwenye mabishano. Dakika 40 za kwanza zitumieni kwa Luka, ndipo mzisome aya hizo mbili pamoja: ni Yesu huyo huyo anayenena kote kuwili.

SWALI: Kama alijua atafufuka, mbona alihuzunika Gethsemane?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Kwa sababu kujua kwamba jeraha litapona hakuondoi maumivu ya kisu. Katika Marko 14:36 anasema "Aba, Baba", kwa hiyo hajasahau yeye ni nani, na papo hapo anaomba kikombe kiondolewe. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, 680 hadi 681, ulikiri kwamba Kristo ana mapenzi (yaani utashi) mawili, ya kimungu na ya kibinadamu, na ya kibinadamu huyatii ya kimungu. Soma sala ile hadi mwisho wake: "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe."