Maswali na majibu: Kwa nini Iraq iliharibika baada ya vita kwisha?

SWALI: Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Tumefika uvamizi wa Iraq wa 2003 na vitabu vinapingana. Je, Umoja wa Mataifa uliidhinisha au haukuidhinisha? Kisheria ukaliaji ulianza lini na ukaisha lini, maana majeshi ya Marekani yalibaki hadi 2011? Na jeshi lililofika Baghdad kwa wiki tatu lilishindwaje kuulinda mji huohuo? Mwanafunzi mmoja anasema ni kitu kilekile Tanzania ilichofanya Uganda mwaka 1979. Nimjibu nini? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Ndugu Mwalimu, idhini mahsusi haikutolewa. Vitabu vinapingana kwa sababu Marekani na Uingereza hazikudai kupewa ruhusa mpya mwaka 2003. Zilidai kwamba ruhusa ya mwaka 1990 ilikuwa bado hai. Hoja hiyo imejengwa juu ya maazimio matatu ya Baraza la Usalama, na wanafunzi wayasome kwa mfuatano. Azimio 678 la Novemba 29, 1990 liliruhusu "njia zote zinazohitajika" ili kuiondoa Iraq Kuwait. Azimio 687 la Aprili 1991 likasimamisha mapigano kwa masharti, kubwa likiwa Iraq iteketeze silaha za kemikali na za kibiolojia, pamoja na makombora yanayokwenda zaidi ya kilomita 150. Azimio 1441 la Novemba 8, 2002, lililopita kwa kura 15 kwa 0, likasema Iraq imekiuka masharti, ikapewa "nafasi ya mwisho", na ikaonywa juu ya "madhara makubwa". London na Washington zikahitimisha: masharti yamevunjwa, usitishaji mapigano umekufa, basi ruhusa ya 678 imefufuka.

Hoja hii inavunjikia hatua ya mwisho. Nani ana mamlaka ya kutamka kuwa ruhusa imefufuka, Baraza au mwanachama mmoja mmoja? Azimio 1441 lilitaka taarifa za ukiukaji zirudishwe Barazani, Baraza likutane na kuitazama hali. Siku azimio lilipopita, Ufaransa, Urusi na China zilitoa tamko la pamoja kwamba halina nguvu ya kuanzisha vita lenyewe. Uingereza nayo ililiona pengo hilo, ndiyo maana ikishirikiana na Marekani na Hispania ilipeleka rasimu ya azimio la pili. Zilihitajika kura 9 bila kura ya turufu (veto) ya mwanachama yeyote wa kudumu. Angola, Cameroon na Guinea, zilizokuwa na viti vya Afrika mwaka huo, zilibembelezwa sana, lakini hesabu haikutimia na rasimu ikaondolewa Machi 17, 2003. Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Lord Goldsmith, alikuwa ameandika Machi 7 kwamba njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio la pili. Siku kumi baadaye akatoa tamko fupi lisilo na tahadhari zile. Kofi Annan, akiwa bado Katibu Mkuu, alisema mwaka 2004 kuwa vita vile vilikuwa haramu. Tume ya Chilcot, ya uchunguzi ya Uingereza, iliyotoa ripoti yake Julai 2016, haikuhukumu uhalali wenyewe. Ilisema njia za amani zilikuwa hazijamalizwa, na kwamba utaratibu wa kufikia uamuzi wa kisheria ulikuwa mbali na kuridhisha.

Kuhusu silaha, wanafunzi wasiishie kwenye "walidanganya". Kilichotokea kinafundisha zaidi ya hapo. Mirija ya alumini iliyodaiwa kuwa ya mashinepewa (mashine zizungukazo kwa kasi) za kurutubisha urani, wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani waliona inalingana na maroketi ya kawaida, nao wakaandika pingamizi lao. Nyaraka za Iraq kununua urani Niger zilikuwa za kughushi, na Mohamed ElBaradei wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, alilieleza Baraza hivyo Machi 7, kabla ya vita. Habari za maabara za silaha za kibiolojia zinazotembea kwa malori zilitegemea zaidi mtoro mmoja wa Kiiraqi aliyekuwa Ujerumani, ambaye baadaye alikiri kuzitunga. Wakati huohuo wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walikuwa kazini tangu Novemba 27, 2002. Walifanya ukaguzi zaidi ya 700, na Machi 2003 makombora ya Al Samoud 2 yalikuwa yakipondwapondwa kwa sababu yalivuka kikomo cha kilomita 150. Ukaguzi ulikuwa unazaa matunda. Kikosi cha Marekani kilichotafuta silaha baada ya vita, katika ripoti ya Charles Duelfer ya 2004, hakikukuta akiba ya silaha za maangamizi. Kilieleza pia kwa nini Rais Saddam Hussein hakusema wazi kuwa hana kitu: aliogopa Iran ijue.

Silaha hazikuwa sababu pekee. Kuiondoa serikali ya Iraq ilikuwa sera iliyoandikwa katika sheria ya Marekani tangu 1998, na mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yakaipa sera hiyo wasikilizaji wapya. Lakini silaha ndizo zilizouzwa kwa umma, na kwa maoni yangu chaguo hilo liliathiri hata namna vita vilivyopangwa. Vita vya kunyang'anya silaha ni kazi ya siku chache. Ukishajiaminisha hivyo, huoni sababu ya kupeleka jeshi la kukaa.

Sasa sheria ya ukaliaji. Inajitegemea kabisa na swali la uhalali wa vita, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya. Ibara ya 42 ya Kanuni za The Hague za 1907 inasema eneo limekaliwa pale linapokuwa mikononi mwa jeshi la adui kwa vitendo. Tangazo halihitajiki. Kwa Baghdad hiyo ni Aprili 9, 2003. Azimio 1483 la Mei 22, 2003 likazitaja Marekani na Uingereza kuwa madola yanayokalia. Mwisho wake kisheria ni Juni 28, 2004, mamlaka yalipokabidhiwa serikali ya mpito ya Ayad Allawi chini ya Azimio 1546. Baada ya hapo majeshi yalibaki kama kikosi cha kimataifa kwa ridhaa ya serikali ya Iraq, kisha kwa mkataba wa 2008, hadi yalipoondoka Desemba 2011. Mtu wa Fallujah Novemba 2004, mabomu yakiuporomosha mji wake, asingeiona tofauti hiyo. Kwenye mtihani ipo.

Hapohapo mjibu mwanafunzi wako aliyetaja Uganda. Idi Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978 na Novemba 1 akatangaza kuimega, kwa hiyo Tanzania ilishambuliwa kwanza na ilikuwa na haki ya kujilinda. Kinachobishaniwa ni kuendelea hadi Kampala, na Nigeria na Sudan zililalamika katika mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia Julai 1979. Tofauti ya pili ni ya kiutawala. Kampala ilianguka Aprili 11 na Yusuf Lule akaapishwa siku mbili baadaye, akitoka katika UNLF, umoja wa Waganda waliokuwa uhamishoni, ulioundwa Moshi mwezi Machi. JWTZ ilikaa hadi 1981, lakini hakukuwa na gavana Mtanzania aliyetunga sheria za Uganda. Iraq alikuwapo: Paul Bremer, aliyewasili Baghdad Mei 12, 2003 kuongoza Mamlaka ya Muda ya Muungano (wa Marekani na washirika wake), chombo kilichoitawala Iraq.

Kuhusu kushindwa kuulinda mji, anza na hesabu. Uzoefu wa operesheni za nyuma za kutuliza nchi ulikuwa umezaa kigezo cha walinda usalama 20 kwa kila wakazi 1,000. Iraq ilikuwa na watu wapatao milioni 25, yaani zilihitajika nafsi 500,000. Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliiambia Seneti Februari 25, 2003 kuwa itahitajika "laki kadhaa". Siku mbili baadaye Paul Wolfowitz wa Wizara ya Ulinzi aliyakejeli makadirio hayo mbele ya kamati ya Bunge. Muungano ukaingia katika ukaliaji na askari wa kati ya 150,000 na 170,000, sawa na 6 au 7 kwa kila wakazi 1,000.

Idadi hiyo ilitosha kulivunja jeshi la Saddam. Kulinda majengo ni kazi nyingine. Aprili 10 hadi 12 Makumbusho ya Taifa yaliporwa vitu vipatavyo 15,000, na Maktaba ya Taifa ikachomwa, huku Wizara ya Mafuta ikilindwa. Baya zaidi kijeshi lilikuwa maghala. Huko Al Qaqaa, kusini mwa Baghdad, zilitoweka zaidi ya tani 300 za vilipuzi vikali ambavyo IAEA ilikuwa imevifungia kwa lakiri. Tuwaitha, kilipokuwa kituo cha nyuklia, wanavijiji walimwaga unga wa urani wakabeba mapipa ya kuwekea maji. Vita vilivyoanzishwa kwa jina la silaha viliziacha silaha halisi bila mlinzi mlangoni, na makombora ya mizinga kutoka maghala ya namna hiyo ndiyo yaliyotegwa barabarani miaka iliyofuata.

Pengo lile la watu lingeweza kuzibwa na Wairaqi wenyewe, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mpango uliokubaliwa Washington Machi 2003 ulikuwa kubakiza sehemu ya jeshi la kawaida na kulitumia kujenga nchi. Amri namba 2 ya Bremer, ya Mei 23, ikalivunja lote pamoja na Wizara ya Ulinzi: askari wapatao 385,000, wenye mafunzo, wengi wakiwa na bunduki nyumbani, bila mshahara. Watetezi wa amri hiyo husema jeshi lilikuwa limeshatawanyika na kambi zimeporwa. Ni kweli lilitawanyika. Lakini maofisa wa Kiiraqi walikuwa tayari wakikusanya orodha za majina kwa Wamarekani ili askari walipwe fedha za dharura, na mtu aliyekwenda kwao akisubiri kuitwa si sawa na aliyeambiwa hana kazi tena. Juni 18 waliandamana kwenye lango la makao ya Bremer na wawili wakapigwa risasi wakafa. Posho ilitangazwa siku chache baadaye, ikiwa imechelewa.

Amri namba 1, ya Mei 16, ilikuwa imetangulia. Iliwaondoa kazini wanachama wa ngazi nne za juu za Baath, chama tawala cha Saddam. Kipengele cha pili husahaulika nacho ndicho kilichouma: katika safu tatu za juu za uongozi wa kila wizara, shirika la umma, chuo kikuu na hospitali, yeyote aliyekuwa mwanachama kamili aliondolewa, hata wa ngazi ya chini. Katika nchi ambayo kupandishwa cheo kulihitaji kadi ya chama, amri hiyo iliwafagia wahandisi wa umeme, wakuu wa shule na wakurugenzi wa maji. Kisha utekelezaji ukakabidhiwa tume chini ya Ahmed Chalabi, mwanasiasa aliyerejea kutoka uhamishoni, mwenye maslahi ya moja kwa moja katika nani abaki na nani aende.

Soma amri hizi kando ya ibara ya 43 ya The Hague: mkaliaji arudishe utulivu na aheshimu sheria zilizopo isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Sheria hiyo inalinda raia, na pia inamkinga mkaliaji dhidi ya ujinga wake mwenyewe, kwani taasisi asizozielewa anaamriwa aziache zifanye kazi. Bremer alifanya kinyume. Amri namba 39 hata ikaruhusu wageni kumiliki asilimia 100 ya kampuni nje ya sekta ya mafuta, mabadiliko ya uchumi ambayo hayakuwa na dharura yoyote ya kiusalama. Azimio 1483 lilimpa nafasi pana kidogo, na wanasheria hubishana upana wake. Amri namba 17 ikawaweka wakandarasi wa kigeni nje ya mkono wa sheria za Iraq. Chini ya kinga hiyo walinzi wa Blackwater wa kampuni binafsi ya ulinzi ya Kimarekani, waliua raia 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad, Septemba 16, 2007. (Maelfu ya Waganda walifanya kazi ya ulinzi kwenye kambi za Marekani huko Iraq chini ya kampuni nyingine, kwa mishahara ya chini sana kuliko ya Wamarekani.)

Siasa nazo zilipangwa vibaya mapema. Baraza la Utawala la Julai 2003 lilikuwa na viti 25 vilivyogawanywa kwa dhehebu na kabila: Washia 13, Wasuni 5, Wakurdi 5, Mturkmeni 1, Mwashuri 1. Tangu hapo mwanasiasa akajua kura yake iko msikitini kwake. Vyama vya Kishia vilivyolelewa Iran vikashika Wizara ya Mambo ya Ndani, na kuba la kaburi takatifu la Washia mjini Samarra lilipolipuliwa Februari 22, 2006, mauaji ya kimadhehebu yalikuwa na polisi wa kuyashiriki. Zaidi ya watu milioni 4 walihama makwao. Maofisa waliofukuzwa na Amri namba 2 hawakugeuka wote kuwa wanamgambo, ila wenye ujuzi walionekana baadaye katika uongozi wa ISIS, kundi lililoutwaa mji wa Mosul Juni 2014, akiwemo kanali wa zamani aliyejulikana kama Haji Bakr.

Kwa idadi ya waliokufa, usiwape wanafunzi namba moja tupu. Iraq Body Count huhesabu vifo vya raia vilivyoripotiwa, kwa hiyo ni kima cha chini: zaidi ya 110,000 hadi majeshi yalipoondoka 2011. Utafiti wa kaya wa Wizara ya Afya ya Iraq na WHO ulikadiria vifo 151,000 vya vurugu hadi Juni 2006. Ule uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006 ulikadiria 601,000 kwa karibu kipindi hichohicho, kutoka sampuli ndogo zaidi, na mbinu yake imekosolewa sana. Marekani ilipoteza karibu askari 4,500, Uingereza 179. Kila namba iandikwe pamoja na mbinu yake na tarehe ya mwisho ya hesabu. Mwanafunzi akiilinganisha ya 2006 na ya 2011 bila kusema hivyo, mkatie alama.