Usirukie ahadi, soma sura nzima

Mimi nilikuwa mtu wa mistari. Kila asubuhi mesaji ya WhatsApp ku grupu ya kanisa, mstari moja na picha ya maua, najibu amina, basi, najiona msomaji wa Biblia kabisa.

Sasa njo 2021. Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu Goma, ikalipuka tarehe 22 Mei jumamosi jioni, lava ikaishia kule Buhene, pembeni ya mji, tukasema tumepona, kumbe ardhi haijamaliza, inatetemeka mchana na usiku, na tarehe 27 asubuhi sana wakatuambia tuhame. Tukashika barabara ya Sake, mtoto ku mugongo, godoro ku kichwa, telefone ikazima njiani na mistari yangu yote iko ndani. Mama yeye alifunga Biblia mu kitenge pamoja na sufuria (2002 volkano ilipolipuka alikimbia mikono mitupu, nyumba ikaungua, mara hii alijua cha kubeba).

Usiku akaniambia nimusomee Maombolezo. Nikaenda mbio sura ya 3, pale wanasema "Ni mpya kila siku asubuhi; uaminifu wako ni mkuu". Akanikatiza: "Nani alikuambia uanzie hapo? Rudia mwanzo."

Nikarudia. Mji umebaki peke yake kama mjane. Watoto wanauliza mama zao chakula kiko wapi. Na kabla ya ule mstari mtamu, huyo mtu analalamika eti Mungu ameziba njia yake kwa mawe ya kuchonga, mawe, na sisi wa Goma mawe tunayajua! Yaani neno la uaminifu linatoka mu kinywa cha mtu mwenye mji wake umeungua, na halimalizi kilio, sura ya 4 na ya 5 anaendelea kulia tu. Kitabu kinafungwa bila jibu. Ile ilinishika kuliko mistari yote ya maua.

Basi mimi sasa nafanya hivi: sura moja kwa siku, kwa mpangilio, saa kumi na moja asubuhi, makaa bado inashika ku babula (jiko) na telefone sijaigusa. Siku nimechoka nasoma nusu. Siku sisikii kitu rohoni nasoma vilevile, usingoje kusikia, ndugu yangu, utangoja sana. Na kalamu ya mti (penseli) naandika tarehe pembeni. Hii ya tarehe usiidharau, ju tumaini kwangu halikuja siku moja na machozi, linakujaka nikirudi nyuma ku zile kurasa.

Mfano Zaburi 77. Pembeni iko 27/1/2025, vita iko mjini, tumelala chini, nilisoma mpaka mstari wa 8 pale anauliza kama rehema za Mungu zimekoma milele, mabomu yakaanza tena nikaacha. Hata alama ya kalamu imepinda.

Chini yake iko 28/1, nilisoma toka mstari wa 9.