Mpira ulimgusa nani kabla ya Franco Harris?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Louisville, Kentucky. Vijana wangu wamenionesha video ya mwaka 1972, mechi ya mpira wa Kimarekani (American football), Pittsburgh Steelers na Oakland Raiders. Tukio lenyewe wanaliita "Immaculate Reception". Franco Harris wa Steelers anauokota mpira karibu na majani na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Mtangazaji anasema Raiders hawajakubali bao lile tangu siku hiyo. Mimi naona kaudaka vizuri tu. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wewe unatazama mikono ya Harris, kama watu wengi. Ugomvi hauko kwenye mikono yake. Uko kidogo kabla ya hapo, pale watu wawili walipogongana na mpira ukaruka.

Ilikuwa tarehe 23 Desemba 1972, mechi ya mtoano kwenye uwanja wa Three Rivers, Pittsburgh. Raiders walikuwa wanaongoza 7-6, maana Ken Stabler alikuwa amechomoka na kukimbia yadi 30 hadi kufunga, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 13. Steelers sasa wana sekunde 22. Wako kwenye yadi ya 40 ya upande wao, jaribio la nne, na wanahitaji yadi 10. Kwa aliyekulia kwenye soka: jaribio la nne ndilo la mwisho, ukikosa hizo yadi mpira anapewa mpinzani. Terry Bradshaw, mrushaji wao, alipangiwa kumtafuta Barry Pearson. Akabanwa, akaponyoka, akaurusha mbali kumwelekea mwenzake John Fuqua. Fuqua, mpira na Jack Tatum, beki wa Raiders, wakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mpira ukaruka kurudi nyuma yadi kadhaa. Harris akaukwapua usawa wa viatu vyake na kuambaa na mstari wa kushoto hadi mwisho. Steelers wakashinda 13-7 (bao la namna hiyo ni pointi sita, na teke la ziada pointi moja).

Sasa sheria. Wakati ule kanuni za NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, zilisema hivi: pasi ya mbele ikiguswa na mshambuliaji (mchezaji wa timu yenye mpira), mshambuliaji mwenzake haruhusiwi kuidaka, isipokuwa mlinzi awe ameigusa katikati. Kwa hiyo, kama mpira ulimgonga Tatum peke yake, bao ni halali. Kama ulimgonga Fuqua kisha Tatum, bado ni halali. Lakini kama ulimgonga Fuqua peke yake, pasi ilikufa pale Harris alipoigusa, Raiders wanachukua mpira na watu wanakwenda zao nyumbani. Harris angeudaka kwa wepesi wa paka na bado usingehesabiwa.

Tatum alishikilia kwamba hakuugusa. Fuqua kwa miaka mingi aliifanya kuwa siri yake, akiulizwa anacheka tu.

Mimi huchezesha mechi za shule Ijumaa usiku, kwa hiyo namwonea huruma refa mkuu wa siku ile, Fred Swearingen. Wachezaji wawili wakigongana mbele yako, unachokiona ni migongo na unachokisikia ni kofia zikigongana. Mpira unatoka upande usioutegemea, na wewe unatakiwa useme ulimgusa nani. Jambo moja walilifanya vizuri: hakuna aliyepuliza filimbi mapema. Filimbi ingelia, mpira ungekufa palepale na leo tusingekuwa na la kujadili. Waamuzi walikusanyika wakashauriana, kisha Swearingen akaenda kwenye simu ya kibanda cha wachezaji wa besiboli (uwanja ulitumika kwa michezo yote miwili) akazungumza na Art McNally, mkuu wa waamuzi wa NFL, aliyekuwa juu kwenye chumba cha waandishi. Alipotoka hapo ndipo akainua mikono: bao. Marudio ya video kama msaada rasmi wa waamuzi yaliingia NFL mwaka 1986, miaka 14 baadaye.

Ukiniuliza mimi, bao lilikuwa halali, na sababu ni mwelekeo wa watu wale wawili. Fuqua alikuwa akikatiza uwanja huku akielekea mbele, yaani upande uleule mpira ulikokuwa unakwenda. Tatum alikuwa anakuja mbio kuukabili. Piga mpira kwenye mgongo wa daladala inayoondoka, utakurudia kwa uvivu. Upige kwenye pua ya daladala inayokuja, utaupata kifuani. Ule mpira ulirudi kwa nguvu, tena mbali. Mwaka 2004 John Fetkovich, profesa mstaafu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alizichambua picha na kupiga hesabu, akafikia jibu hilohilo: ulimgonga Tatum.

Lipo swali la pili ambalo fizikia hailigusi: je, mpira uligusa majani kabla Harris hajauinua? Picha zilizopo hazioneshi chini ya mpira. Hapo atakayekwambia ana hakika, mwambie akuoneshe picha yake. Na Phil Villapiano wa Raiders ana dai lake jingine, kwamba alizuiwa kutoka nyuma wakati Harris anapita. Hilo ni kosa la aina nyingine kabisa, usilichanganye na sheria ya mguso.

Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1978. Siku hizi pasi ikishaguswa na mdakaji halali au na mlinzi, mwenzake yeyote anaweza kuidaka, kwa hiyo swali la Fuqua au Tatum lisingeulizwa kabisa. Bao hilo lingekwenda moja kwa moja kwenye uhakiki wa video, na wangetafuta jambo moja tu: ncha ya mpira na majani.

Kuhusu jina "Immaculate Reception" ambalo vijana wako wanalitaja: ni mchezo wa maneno na sikukuu ya Wakatoliki ya tarehe 8 Desemba, ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ambayo kwa Kiingereza ni "Immaculate Conception"; "reception" ni kudaka pasi. Mtangazaji Myron Cope ndiye aliyelirusha hewani. Kwa Kiswahili utani huo hauvuki mto, nimejaribu.

Mkiitazama tena, simamisheni video pale wanapogongana, kabla Harris hajaingia kwenye picha. Mwangalieni Tatum, kifua chake kinaelekea wapi.